Kipi Kinaongeza Damu: Maharage au Mchicha?

Kwa sisi tunaoishi mbali na nyumbani, ushauri wa chakula hutufikia kwa simu. Mtu akilalamika kuwa anachoka au kichwa kinamzunguka, hajamaliza kueleza ameshaambiwa ale mchicha. Mwingine atashikilia kuwa mchicha ni majani tu, damu iko kwenye maharage. Wa tatu atatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu juisi ya bitiruti. Wote wanasema kwa mapenzi, na kila mmoja anamjua mtu aliyepona.

Nilianza kulichukulia swali hili kwa uzito mwaka uliopita, mpwa wangu alipokuja kukaa nasi hapa Leicester ili asome chuo kikuu. Yeye hali nyama wala samaki. Huo ni uamuzi wake na tunauheshimu. Ilipofika muhula wa pili akawa hawezi kupanda ngazi mbili bila kusimama kupumzika. Vipimo vya damu vilionyesha kuwa madini ya chuma yako chini. Daktari akampa vidonge na kumwambia aangalie na chakula chake. Mama yangu akasema kutoka Tanga: mchicha. Kaka yangu aliyeko Muscat akasema: adesi. Binti mwenyewe akaniuliza, "Mama mdogo, sasa nile kipi?"

Mimi ndiye ninayepika nyumbani, kwa hiyo jibu nililihitaji hata kuliko yeye. Nimeliandika hapa kwa ajili ya familia na wanafunzi wanaojiuliza vilevile mbele ya rafu za duka, wakiwa na hela kidogo, friji ndogo na jioni moja tu ya kupika.

Mmea mmoja, vyakula viwili

Njia nyepesi ya kuelewa tofauti ya mikunde na mboga za majani ni kuutazama mmea unaotupa vyote viwili: mkunde. Majani yake tunayapika mboga, na punje zake tunaziunga kwa nazi. Shamba ni lilelile na mvua ni ileile, lakini vikifika sahanini ni vyakula viwili tofauti kabisa.

Punje ni mbegu. Kazi yake ni kubeba akiba ya mche mpya kabla haujapata mizizi na majani ya kujitegemea. Ndiyo maana imejaa wanga, protini na madini, na ndiyo maana inakaa ghalani miezi mingi bila kuharibika. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, adesi, dengu na njegere ziko katika ukoo huo.

Jani ni jiko la mmea. Humo ndimo mwanga wa jua unamogeuzwa kuwa chakula. Kazi hiyo inahitaji rangi ya kijani, na nyuma ya kijani kuna rangi za manjano na machungwa ambazo macho hayazioni lakini mwili wetu huzigeuza kuwa vitamini A. Jani lina vitamini C na K, lina kalsiamu, na lina maji mengi sana. Mchicha uliopikwa ni maji kwa asilimia 90 na zaidi, wakati punje za kunde zilizopikwa ni maji kwa asilimia 70 hivi. Kwa hiyo tunalinganisha ghala na jiko, na si ajabu kwamba kilichomo ndani hakifanani.

Namba zinasemaje

Hivi ndivyo gramu 100 za chakula kilichokwisha kupikwa, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe, zinavyokuwa. Namba hubadilika kidogo kwa aina, udongo na upishi, lakini picha kubwa haibadiliki.

Maharage mekundu: kalori 127, protini gramu 9, nyuzinyuzi gramu 7, chuma miligramu 2.9, kalsiamu miligramu 28. Vitamini A hakuna, na vitamini C ni kidogo mno.

Adesi: kalori 116, protini gramu 9, nyuzinyuzi gramu 8, chuma miligramu 3.3, kalsiamu miligramu 19.

Punje za kunde: kalori 116, protini karibu gramu 8, chuma miligramu 2.5, kalsiamu miligramu 24.

Choroko: kalori 105, protini gramu 7, nyuzinyuzi karibu gramu 8, chuma miligramu 1.4, kalsiamu miligramu 27.

Mchicha: kalori 21, protini gramu 2, chuma miligramu 2.3, kalsiamu miligramu 209, vitamini C miligramu 41, na vitamini A ya kutosha.

Spinachi: kalori 23, protini gramu 3, chuma miligramu 3.6, kalsiamu miligramu 136, vitamini C miligramu 10, na vitamini A nyingi sana.

Sukuma wiki: kalori 33, protini karibu gramu 3, nyuzinyuzi gramu 4, chuma miligramu 1.1, kalsiamu miligramu 141, vitamini C miligramu 18, na vitamini A nyingi.

Ukizisoma polepole utaona mambo matatu. La kwanza, katika protini jani halishindani na punje. Sahani ya gramu 200 za maharage inakupa protini gramu 17 na ushee. Ili upate kiasi hicho kwa mchicha peke yake, itabidi ule gramu 800 na zaidi za mchicha uliopikwa, na hakuna tumbo linalotaka kazi hiyo.

La pili, katika kalsiamu punje haifiki kwa jani. Kalsiamu ya gramu 100 za mchicha ungeitafuta kwenye maharage gramu 700 na zaidi. Na katika vitamini A, hata ule gunia zima la maharage hutaipata.

La tatu ndilo lililonishangaza. Katika chuma, kwenye karatasi, vyakula hivi havijaachana sana, na spinachi iko juu ya maharage. Basi mama yangu ana haki? Hapa ndipo inabidi tuache karatasi tufuate chakula mpaka tumboni.

Chuma cha sahanini na chuma cha kwenye damu

Chuma kilicho katika nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Chuma cha mimea, kiwe cha jani au cha punje, ni kigumu kuingia. Sehemu kubwa hupita tu na kutoka.

Katika punje kinachokizuia ni faiteti. Hii ni namna ambayo mbegu huhifadhi fosforasi yake, na hukamata madini ya chuma na zinki yasiachiwe. Katika majani kama spinachi kuna oksaleti pamoja na vitu vingine vyenye ukakasi vinavyobana madini. Kalsiamu ya spinachi ni mfano mzuri: ingawa inasomeka miligramu 136, mwili huchukua takriban sehemu 5 tu katika kila 100. Sukuma wiki na jamaa zake wa ukoo wa kabichi wana oksaleti kidogo, kwa hiyo kalsiamu yao huingia vizuri zaidi. Ndiyo maana mtoto asiyekunywa maziwa ni bora apate sukuma wiki kuliko kumtegemezea spinachi kila siku.

Sasa linganisha na mahitaji. Nchini Uingereza mwanamke wa umri wa kuzaa anashauriwa kupata chuma miligramu 14.8 kwa siku, na mwanamume miligramu 8.7. Marekani wanaweka miligramu 18 kwa mwanamke na 8 kwa mwanamume. Tofauti hiyo inatokana hasa na hedhi. Kwa hiyo katika nyumba moja, sufuria moja na sahani zinazolingana, baba anaweza kuwa ametosheka na binti yake bado ana pengo.

Jibu la swali la kichwa cha habari, basi, ni kwamba maharage peke yake hayatoshi, na mchicha peke yake hautoshi. Linaloamua ni kile unachokila pamoja navyo na kile unachokinywa juu yake.

Kinachosaidia ni vitamini C. Ikikutana na chuma cha mimea katika mlo uleule, huweza kuongeza kiasi kinachoingia mwilini mara mbili au zaidi. Punje zilizopikwa hazina vitamini C ya maana. Majani yanayo, lakini moto huiharibu na maji huichukua. Kwa hiyo kinachofaa ni kitu kibichi kando ya sahani: kachumbari ya nyanya na pilipili hoho, ndimu iliyokamuliwa sufuria ikishaepuliwa, embe, chungwa, au kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba. Wazee wetu walioweka ndimu pembeni ya sahani hawakuwa wanapamba tu.

Kinachoharibu ni chai. Najua tunapogusa chai tunagusa pabaya, lakini lazima lisemwe. Chai nyeusi ikinywewa pamoja na mlo huweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma cha mimea kinachoingia mwilini, na kutia maziwa hakuiondolei tabia hiyo. Kahawa nayo hupunguza, ingawa si sana kama chai. Hebu fikiria mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, na kikombe kikubwa cha chai ya tangawizi juu yake. Ni kifungua kinywa kitamu kuliko vyote vya pwani, lakini kwa msichana mwenye upungufu wa chuma, chai ile inachukua kwa mkono wa kushoto kile mbaazi zilichotoa kwa mkono wa kulia. Dawa yake si kuacha chai. Ni kusubiri saa moja hivi baada ya kula.

Mpwa wangu alikuwa akila maharage ya kopo na wali karibu kila siku, na chai kubwa ya maziwa papo hapo kabla hajakimbilia darasani. Tulichobadilisha hakikutugharimu. Maharage yalibaki, kachumbari yenye ndimu ikaongezwa, mboga ya majani ikaingia jioni, na chai ikahamia baada ya kipindi cha kwanza. Vidonge akavinywa kama alivyoelekezwa. Vipimo vya miezi mitatu baadaye vilikuwa vimepanda vizuri, na ngazi anazipanda. Nasema wazi kwamba kazi kubwa ya kumpandisha ilifanywa na vidonge. Kazi ya chakula ni kumfanya asishuke tena.

Kabla hujajitibu jikoni

Kuna mambo mawili ambayo hakuna mboga inayoweza kuyatatua.

Upungufu wa chuma una sababu, na sababu lazima itafutwe. Inaweza kuwa hedhi nzito, inaweza kuwa minyoo aliyorudi nayo mtu kutoka likizo, inaweza kuwa kidonda cha tumbo kinachotoka damu polepole. Mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akiambiwa chuma kiko chini, asiridhike kwa kuongezewa mchicha. Aombe achunguzwe damu inakwenda wapi.

Tena, si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma. Katika familia za Afrika Mashariki na Oman wapo wengi wanaobeba selimundu au thalasemia, na upungufu wao una chanzo kingine. Kumshindilia mtu vidonge vya chuma bila kipimo kunaweza kumdhuru. Na vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwa sababu mtoto mdogo akivimeza anaweza kufa.

Wasiokula nyama wakumbuke pia vitamini B12. Haimo katika maharage, haimo katika mchicha. Anayekula mayai na maziwa huipata humo. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Kwa wanaotarajia mtoto

Neno foleti huwachanganya wengi, kwa sababu majani na punje zote zinasifiwa kuwa nazo. Sifa hizo ni za kweli. Katika gramu 100, kunde zina mikrogramu 208, adesi 181, spinachi 146 na maharage 130. Hiyo ni vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na inamkinga mtoto aliye tumboni asipate kasoro za uti wa mgongo na ubongo.

Hata hivyo, ushauri wa Uingereza kwa mwanamke anayepanga kushika mimba ni kumeza kidonge cha asidi ya foliki cha mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Sahani ya adesi haichukui nafasi ya kidonge hicho. Foleti ya chakula hupotea katika maji na moto, na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki za mwanzo, pengine kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Mabinti zetu wanaoolewa huku wanastahili kuambiwa jambo hili mapema, sawa na wanavyoambiwa mambo mengine ya unyumba.

Majina yanapotupoteza dukani

Tatizo jingine ni kwamba chakula kipo, ila kimevaa jina la kabila jingine.

Mchicha niliutafuta muda mrefu hapa mpaka nikauona kwenye duka la Wabangladeshi ukiitwa lal shak, ule wenye rangi nyekundu. Kwa Wajamaika mchicha huitwa callaloo, na hupatikana hata wa kopo. Walioko Marekani wasihangaike kutafuta sukuma wiki: majani yanayoitwa collard greens, yanayopikwa sana na Wamarekani Weusi wa kusini, ni hayohayo au ndugu yake wa karibu. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wana mlukhiya, ambayo ni jamaa wa mlenda. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wameleta sombe, yaani kisamvu, kwenye friji za maduka ya Kiafrika kuanzia Brussels hadi Texas.

Upande wa punje, kunde ziko kila duka kubwa zikiitwa black-eyed beans, na maduka ya Kihindi na ya Ghuba huziita lobia. Mbaazi Wahindi huziita toor, na Wajamaika huziita gungo peas. Choroko ni moong. Hapo tena tuelewane wenyewe kwa wenyewe, maana Mkenya wa bara akisema ndengu anakusudia choroko, na Mtanzania akisikia dengu anawaza kitu kingine. Wakati wa kutuma mtoto dukani, mwonyeshe picha.

Kuna kuloweka, na kuna kuchemsha

Maharage makavu yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, uyapike kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza faiteti na hupunguza gesi tumboni. Choroko ukiziacha zichipue siku mbili au tatu, faiteti hupungua zaidi na vitamini C huanza kujitengeneza ndani yake. Ni mboga mbichi ya bei rahisi katikati ya majira ya baridi.

Maharage mekundu yana hatari yake. Yakiwa mabichi au nusu kuiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha vibaya, na punje nne au tano tu zinatosha kumwangusha mtu. Lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha yaendelee kuiva. Wanafunzi wanaotumia sufuria za umeme za kupika polepole wajihadhari: nyingi hazifikii moto wa kuiondoa sumu hiyo. Chemsha kwanza jikoni, ndipo uhamishie humo. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida. Yasuuze tu ili upunguze chumvi.

Kwa majani, kanuni ni kinyume: maji machache, dakika chache, na maji yake yasimwagwe ovyo kwa sababu yamebeba foleti na vitamini C. Kisamvu ndicho kinachotoka katika kanuni hii. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi, hivyo hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, hata lile lililogandishwa lililotoka friji ya duka.

Majani yanahitaji mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta mwili hauzipati vizuri zile rangi zinazogeuka vitamini A. Mchicha wa nazi na kisamvu cha karanga vimetimiza sharti hilo tangu zamani. Anayejichemshia spinachi kwa maji matupu eti kwa ajili ya afya anajinyima faida na utamu kwa wakati mmoja.

Wanaopaswa kuuliza kwanza

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha majani ya kijani anachokula. Vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Hakatazwi kula, ila ale kwa kiasi kisichopanda na kushuka, na kliniki yake ijue.

Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kiasi chake, kwa kuwa majani na punje zote zinayo nyingi.

Familia za Oman na za pwani ya Afrika Mashariki zizingatie upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao katika maeneo haya si wa nadra. Mwenye hali hiyo akila ful, yale maharage mapana yanayoliwa asubuhi katika nchi za Kiarabu, damu yake inaweza kuvunjika ghafla. Maharage mengine tuliyoyataja hayana balaa hilo. Kwenye ukoo ukisikia mtoto aligeuka manjano baada ya kula ful, usipuuze.

Hesabu ya mwanafunzi

Kopo moja la maharage la gramu 400, ukishachuja maji yake, hubaki na gramu 240 hivi. Nusu kilo ya maharage makavu, yakishalowekwa na kuiva, huwa sawa na makopo matano. Pika mara moja Jumapili, gawa katika vibakuli, gandisha. Spinachi iliyogandishwa ni rafiki wa kweli, kwa sababu hugandishwa mapema baada ya kuvunwa na haiozi kwenye friji ukiwa maktaba. Ndimu tatu na pilipili hoho mbili zitakufikisha mwisho wa wiki.

Hapa Uingereza kuna kampeni ya kula mafungu matano ya matunda na mboga kila siku. Katika hesabu hiyo, maharage huhesabiwa kuwa fungu moja tu, hata ukila bakuli nne, kwa sababu hayana mchanganyiko wa vitamini unaopatikana katika mboga nyingine. Marekani nao huweka mikunde katika kundi la mboga na katika kundi la protini kwa pamoja. Serikali mbili, hesabu mbili, lakini ujumbe ni mmoja: punje haiwezi kusimama mahali pa jani.

Nyumbani kwetu sasa sufuria mbili zinakwenda pamoja. Jumatatu ni adesi na sukuma wiki. Jumatano ni kunde za nazi na mchicha. Ijumaa tunapika makande, ambayo Wakenya huyaita githeri, na kwa kuwa mahindi yana kile protini ya maharage inachokikosa na maharage yana kile mahindi yanachokikosa, mlo huo ni kamili kuliko unavyoonekana. Dakika tano kabla ya kuepua natupia majani mawili matatu ya konzi ndani, nakamua ndimu, na kachumbari inakaa mezani. Watoto wadogo wanaobagua mboga hawawezi kulichambua kila jani kutoka kwenye makande, na nimegundua hawajisumbui hata kujaribu.

Birika nalibandika wakati wa kuosha vyombo. Vyombo vikiisha, saa inakuwa imeshakaribia, na chai inanywewa kwa raha zake.